Udongo Ulioshuka kwa Shemeji

Ndugu zangu, naomba mkae. Wenye watoto wadogo sogeeni huku mbele, nafasi ipo. Leo padre yuko kigango cha ng'ambo ya mto, kwa hiyo neno mtalipata kwangu, nami nasema polepole kama mnavyonijua. Mnivumilie.

Katika somo la kwanza tumesikia habari za yule mfalme kijana aliyeambiwa aombe chochote anachotaka, akaomba hekima. Wengi wetu tumeshaiomba. Tunaiomba watoto wakikaribia mitihani, tunaiomba tukitaka kuoa, tunaiomba tukigombana na jirani juu ya mpaka. Lakini niwaulize: ukishaiomba, utaijuaje ikija? Itakuwa na sura gani? Wiki nzima nimekaa na swali hilo, na kwa kuwa sikusoma sana, halikunijia jibu. Ulinijia mfano. Nitawapa kama ulivyonijia.

Kulikuwa na mkulima mmoja katika milima kama hii yetu. Baba yake alipofariki aliacha mteremko mmoja mkubwa, ukagawanywa kwa watoto wawili wa kiume. Yeye, mdogo, alipata sehemu ya juu. Kaka yake alipata sehemu ya chini, inayoishia mtoni. Baada ya miaka mingi kaka naye akafariki, na sehemu ya chini ikabaki mikononi mwa mjane wake. Kwa hiyo huku juu analima bwana huyu na mkewe, na kule chini analima shemeji yake, peke yake.

Sasa, leo tuna wageni kutoka mjini. Mmeona njiani mashimo yale kwenye milima, yamepangana kama sega la nyuki? Ndiyo ngoro. Hayachimbwi hivi hivi. Kwanza nyasi zinafyekwa, zinaachwa zikauke. Kisha zinalazwa chini kwa mistari, mingine inateremka na mlima, mingine inakatisha, mpaka shamba zima linakuwa vyumba vyumba vya nyasi. Hapo ndipo jembe linaingia. Unachimba katikati ya kila chumba, udongo unaufukia juu ya zile nyasi, linakuwa tuta, na juu ya tuta unapanda maharage. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama taratibu. Nyasi za chini ndizo zinazolishika tuta lisibomoke. Lakini ukishazifukia, nani anaziona? Hakuna. Na kuzilaza ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa desturi yetu ni kazi ya mwanaume. Mwanamke huja nyuma na jembe na mbegu. Yule mjane, kwa vile mwanaume wake yuko kaburini, alifanya zote mbili.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa pili, wanajumuiya walikutana nyumbani kwa huyu bwana kusali rozari. Ulipofika wakati wa kutaja nia, bwana akasema, "Ndugu, niombeeni hekima. Shamba limenishinda. Kila mwaka nafyeka, nalaza, nafukia, na sioni natoka wapi naenda wapi. Mungu anionyeshe njia."

Wakamwombea. Shemeji yake alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Naye akasema, "Na mimi mniombee hiyo hiyo."

Watu wakacheka kidogo. Wakamwombea naye.

Haikupita wiki, bwana akapata wazo. Nyasi zake zilikuwa zimeshafyekwa, zimekauka, zimejaa shamba zima. Akajiuliza, hivi kwa nini nijivunje kiuno kuzilaza? Akachukua kiberiti. Kwa saa moja tu mteremko wote wa juu ukawa mweusi, safi, umelala kama jamvi. Kesho yake yeye na mkewe wakaanza kuchimba mashimo na kupandisha matuta ya udongo mtupu. Kazi ya wiki tatu wakaimaliza kwa siku nane. Na ukisimama barabarani ukatazama juu, ukatazama chini, huwezi kujua lipi lina nyasi na lipi halina. Ngoro ni ngoro.

Siku ile ya moshi, bwana aliteremka mpakani. Alimkuta shemeji yake ameinama, analaza nyasi, anazibana kwa mguu mstari usipinde. Mnajua utani wa mashemeji.

"Shemeji," akamwita, "unatandika kitanda kikubwa hivyo, mgeni ni nani?"

"Natandikia mvua," mjane akajibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo mgeni wangu. Haibishi hodi."

"Acha hizo. Nipe ruhusa nikuchomee na kwako. Kiberiti ninacho mfukoni. Jioni utakuwa umekaa unakunywa chai."

"Kaka yako alilaza nyasi hapa miaka kumi na tisa."

"Na kaka yangu alikufa mgongo ukimuuma! Shemeji, tulisali, sivyo? Mimi Mungu amenijibu. Wewe ulipoomba ile hekima, ulijibiwa nini?"

Mjane akanyoosha mgongo, akapangusa jasho kwa ncha ya kanga. "Sijui kama nimejibiwa. Nilipoamka asubuhi niliona nyasi zimekauka, nikaja kuzilaza."

Bwana akacheka sana. "Keshokutwa ni Jumatano ya Majivu," akasema. "Mwambie padre asihangaike, majivu aje achukue kwangu, yako ya kutosha parokia nzima."

Naona mnacheka na ninyi. Chekeni, lakini nisikilizeni. Je, mlitegemea maharage ya bwana yakatae kuota mwaka ule? Hapana. Majivu yana mbolea yake. Maharage ya juu yaliota majani mapana, ya kijani kibichi cha kupendeza, kuliko ya mjane, kuliko ya mtu yeyote kwenye mlima ule. Alivuna vizuri. Jumuiyani akasimama kutoa ushuhuda, akasema, "Tulimwomba Mungu hekima, na Mungu hakukawia." Watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata majirani watatu nao wakatoa viberiti vyao.

Hapo ndipo penye swali langu, ndugu zangu. Je, kila kinachokuja haraka baada ya sala ni jibu la sala? Kikija na mavuno ya mwaka wa kwanza, tutasema kimetoka mbinguni? Na yule anayesali, halafu anaamka na kurudia kazi ile ile ya jana, tutasema huyo hakusikilizwa?

Mwaka wa pili alivuna, si haba. Mwaka wa tatu akachoma tena, akapandisha matuta ya udongo mtupu, akapanda. Mkewe alimwambia, "Baba, matuta yamekuwa mepesi. Nikikanyaga yanamong'onyoka." Akamjibu, "Usikanyage."

Jumapili ya Matawi, wakati watu wako kanisani wameshika matawi yao, mvua ikaanza. Tumeshaona mvua, sisi ni watu wa milimani. Lakini ile ilikuwa ya kumwagwa. Ilipiga bati mpaka padre akanyamaza katikati ya somo la Mateso ya Bwana Yesu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsikia. Watu walikaa kanisani mpaka alasiri. Ilipokatika, kila mtu akatoka mbio kwenda kuangalia shamba lake.

Bwana alipofika kwake hakukuta shamba. Matuta yalikuwa yamepasuka moja baada ya jingine kuanzia kileleni. Tuta la juu likamwagia la pili, la pili likamwagia la tatu, mpaka mlima wote ukawa umechunwa. Maharage yaliyokuwa yameanza kuchanua hayakuonekana hata mzizi. Udongo mweusi, ule ambao baba yake na babu yake waliutunza, haukuwepo. Palibaki udongo mwekundu na mawe. Mnajua maana yake. Maharage ya msimu mmoja ukiyakosa unaweza kuomba kwa ndugu. Udongo ukiukosa, wanao watapanda nini?

Akakaa juu ya jiwe. Mkewe akasimama pembeni. Mwishowe bwana akasema, "Nilimwomba Mungu hekima. Amenidanganya."

Mkewe akamwambia, "Ni Mungu au ni kiberiti?"

Wiki Kuu yote bwana hakutoka nyumbani. Alhamisi hakwenda, Ijumaa hakwenda kwenye Njia ya Msalaba, Pasaka haikumwona. Alikuwa anafunga mizigo. Alikuwa na binamu yake kwenye bonde la mbali wanakolima mpunga, akasema atahamia huko, maana hapa hana tena cha kulima wala uso wa kuonyesha. Zaidi ya watu wote hakutaka kumwona shemeji yake. Alijua udongo ule ulikwenda wapi. Maji yakitoka juu yanakwenda chini. Alijua ameyafukia maharage ya mjane.

Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, akasikia, "Hodi."

Akamnong'oneza mkewe, "Mwambie sipo."

"Shemeji," sauti ya nje ikasema, "mtu asiyekuwepo nimemsikia akisema hayupo. Toka."

Akatoka. Hakuinua macho. "Shemeji, najua ulichokuja kusema. Nimekuharibia shamba. Sema, nami sitajibu neno."

"Hujaniharibia. Njoo uone."

"Nikaone nini?"

"Chukua tenga kwanza."

Akamfuata mpaka mpakani, tenga mkononi kama mtu anayepelekwa barazani. Alipotazama chini, akasimama. Matuta ya mjane yalikuwa yamesimama. Si yote, mistari miwili ya juu kabisa ilikuwa imebomoka. Lakini kuanzia wa tatu, matuta yalikuwa yamesimama na maharage yake juu. Na mashimo yote yalikuwa yamejaa mpaka kingoni. Hayakujaa maji. Yalijaa udongo mweusi. Ulishuka kutoka juu, ukaingia shimo la kwanza, ukatulia. Uliozidi ukaingia shimo la pili, ukatulia. Shimo baada ya shimo, mlima mzima.

Mjane akasema, "Ni wa kwako. Wa kwangu ninao. Anza kuchota."

Bwana akasema, "Shemeji, udongo huu umeukamata wewe. Ni wako sasa."

"Mimi nikae na udongo wa wanao nifanye nao nini?"

"Mimi nilikucheka."

"Ulinicheka sana," mjane akasema. "Hata Jumatano ya Majivu ya mwaka ule, nikiwa kwenye foleni, nilikuwa bado nina hasira na wewe. Padre ananipaka majivu, mimi nakuwaza wewe na kiberiti chako."

Bwana akashindwa, akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Kisha akamwuliza jambo moja. "Shemeji, ulijua? Ulipokuwa unalaza zile nyasi miaka yote mitatu, ulijua kwamba siku moja zitanikamatia udongo wangu?"

Mjane akatikisa kichwa. "Nisikudanganye, na leo ni Pasaka. Sikukuwaza hata kidogo. Nilikuwa nalaza nyasi."

Walichota wiki saba. Yeye, mkewe, na mjane siku za Jumamosi. Tenga kichwani, kupanda mlima, kumwaga, kushuka. Si udongo wote uliorudi. Mwingine ulishakwenda na mto, na sehemu moja ya kileleni haioti kitu. Lakini bwana hakuhama. Na kabla hajamwaga tenga la kwanza, shemeji yake alimzuia mkono, akamwonyesha mafungu ya nyasi aliyokuwa amemfyekea kando ya mpaka. "Laza kwanza," akamwambia. Akainama, akalaza.

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa niseme na sisi.

Tunapoomba hekima, tunategemea kitu kipya. Tunategemea wazo, ndoto, mhubiri wa kupita, njia ya mkato yenye baraka juu yake. Na mara nyingi Mungu anatujibu kwa kutuamsha asubuhi na kutuonyesha nyasi zilizokauka. Sala ya asubuhi ile ile. Misa ya Jumapili ile ile, na padre yule yule mwenye mahubiri marefu. Mume yule yule, mke yule yule, ambaye ulimwahidi mbele ya altare. Kitubio cha dhambi zile zile ambazo unaona aibu kuzirudia. Hakuna atakayekupigia makofi jumuiyani kwa hayo. Yanafukiwa. Juu yanaonekana maharage tu, na maharage ya jirani huenda yakawa mazuri zaidi kwa mwaka mmoja, au miwili.

Mnaniuliza nimejuaje? Mnanijua. Leo mnaniona hapa mbele na kitabu. Wazee wa kigango hiki wanakumbuka kwamba kuna miaka saba sikukanyaga mlango ule. Tulimzika mtoto wetu wa kwanza, nikasema mimi na Mungu basi. Skolastika, mke wangu, ambaye mlinisindikiza kumzika wiki sita zilizopita, hakugombana na mimi. Kila Jumapili akishavaa alisimama mlangoni, akaniuliza, "Unakuja?" Nikasema siji. Akasema, "Haya." Akaenda. Ni hivyo tu, miaka saba. Alibatizisha watoto, akawafundisha sala, akalipeleka jina langu kwenye nia za jumuiya, na alirudi nyumbani akanipikia wala hakuniambia alichokisali.

Siku nilipochoka na ukaidi wangu nikataka kurudi, nilidhani sina kitu. Sala nilikuwa nimezisahau. Nilianza Salamu Maria nikakwama katikati kama mtoto. Yeye akaimalizia. Nikageuka nikaona watoto wanaisali. Nikaingia kanisani nikakuta kwenye benchi letu pameachwa nafasi ya mtu mmoja. Kila kitu nilichokitupa kilikuwa kimeshuka kikatulia kwake. Nami nilimwuliza kama yule bwana: ulijua? Akasema, "Nilijua nini? Nilikuwa naenda Misa."

Sijaja hapa kulia. Nina huzuni, lakini nimeshiba. Mtu aliyelima miaka thelathini na minne mteremko wa juu, na chini yake mama kama yule, anaweza kuwa na huzuni na akawa ameshiba.

Kwa hiyo wewe ambaye mlima wako umeshachunwa, uliyekaa nyuma pale kwenye nguzo kwa sababu hukusudii kukaa mpaka mwisho, usihame. Kabla hujafunga mizigo, teremka kidogo uone nani yuko chini yako. Huenda ni mama yako. Huenda ni mkeo ambaye umemchoka. Huenda ni bibi fulani wa jumuiya hata jina lake hulijui. Nenda na tenga, na usione aibu, maana hatakuuliza kwa nini umechelewa.

Na wewe mwingine, unayelaza nyasi peke yako na watu wanapita barabarani wanakucheka, unayejiuliza kama Mungu alisikia ulipoomba, kwa maana hujaona kipya chochote: usiache. Bana mstari wako kwa mguu usipinde. Huko juu yako kuna mtu ambaye udongo wake umeshaanza kushuka, na yeye mwenyewe bado hajui.